Usiuze kinanda chako, sauti yenye joto imo humo humo

Wapiga kinanda wetu walioko ughaibuni, wawe wa taarab, wa bendi za harusini au wa kwaya za makanisani, wana lalamiko moja: kinanda cha dijitali kinatoa sauti safi, lakini kavu na ya baridi. Wengine huamua kukiuza ili watafute mashine kuukuu ya analogi, ya miaka ya 1970 au mwanzoni mwa 1980. Mashine hizo siku hizi ni ghali, nyingi ni nzito, na vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Kabla hujatoa fedha zako, ndugu msomaji, ni vyema ukajua joto hilo linatoka wapi.

Chanzo cha joto

Minimoog, iliyotoka Marekani mwaka 1970 katika kampuni ya Robert Moog, ilikuwa na osileta tatu, yaani vyanzo vitatu vya sauti. Saketi zake ziliyumba kidogo kila zilipopata moto, hivyo osileta hizo hazikulingana barabara hata zikipangwa kwenye noti moja. Kutolingana huko kudogo ndiko kulikoinenepesha sauti. Kisha sauti ilipita kwenye filta iliyopunguza ukali wa juu, na saketi zenyewe ziliongeza mkwaruzo mdogo ambao sikio huupenda.

Jambo hili si geni kwetu. Katika vikundi vya taarab asilia vya Zanzibar, kama Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, fidla kadhaa hupiga wimbo mmoja kwa pamoja. Hakuna fidla mbili zinazolingana kabisa, na hapo ndipo utamu unapopatikana. Taarab ya kisasa ilipowaweka kando wapiga fidla na kukaribisha kinanda, utamu huo ndio uliopungua.

Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, kinanda cha dijitali kilichouzwa zaidi ya 150,000. Kilitumia njia ya kutengeneza sauti iliyogunduliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Noti zake hazikuyumba, na hakikuwa na filta. Sifa ya ubaridi ikaenea.

Lakini tazama Roland Juno-60 ya mwaka 1982, ambayo wanamuziki wanaisifu hadi leo kwa joto lake. Ina osileta moja tu kwa kila noti, tena inayoongozwa kidijitali ili isiyumbe! Joto lake linatokana na filta yake na hasa korasi, ambayo huchukua nakala ya sauti, huichelewesha kidogo huku ikiiyumbisha, kisha huichanganya na ile ya asili. Kwa hiyo mengi ya yale tunayoyaita joto yanaweza kutengenezwa kwenye kinanda ulichonacho.

La kufanya

Kwanza, tumia osileta mbili na uzitenganishe kidogo. Nusu toni moja ina senti 100. Tenganisha senti 5 tu. Noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde itakutana na nyingine yenye 441.3, na utasikia wimbi dogo zaidi ya mara moja kila sekunde. Oktava mbili juu, wimbi hilo litakuwa mara tano kwa sekunde na litaanza kukera, kwa hiyo punguza huko.

Pili, fungua sehemu iliyoandikwa LFO. Ipe mwendo wa polepole sana, mzunguko mmoja kwa sekunde tano hadi kumi, na iyumbishe noti kwa senti 2 au 3. Ukiweza, kila osileta ipe LFO yake.

Tatu, shusha filta ya kukata sauti za juu mpaka ukali uondoke, lakini maneno ya mwimbaji yapate nafasi. Mwenye DX7 asiye na filta apunguze nguvu ya zile opereta zinazotikisa nyingine. Sauti italainika vilevile.

Nne, ongeza mkwaruzo kidogo kwa programu au kifaa kinachoiga mkanda wa kurekodia. Ukiusikia waziwazi, umezidisha.

Tano, malizia kwa korasi, ila usiiweke kwenye besi. Katika kumbi nyingi spika zote hupewa sauti moja iliyounganishwa, na besi yenye korasi hupoteza nguvu. Mpigaji akashangaa kwa nini nyumbani ilisikika vizuri na harusini haisikiki.

Mwisho, rekodi sauti ya zamani na mpya, kisha zisikilize kwa kiwango kimoja. Sikio hudanganyika: sauti iliyo juu zaidi huonekana bora hata kama haina ubora wowote.

Hatusemi mashine za analogi hazina thamani. Mwenye uwezo na anunue, na siku hizi zipo mpya zinazouzwa kwa bei nafuu kuliko zile kuukuu. Ila kwa kijana anayetuma fedha nyumbani kila mwezi na kupiga harusi mwisho wa wiki, jioni mbili za kujaribu haya zitamgharimu muda tu. Wazee walishasema: usiache mbachao kwa msala upitao.