Ua wa mbao unaohamishika: jibu kwa mkulima asiye na hati

Kila kiangazi kikishika, ugomvi wa mbuzi na mashamba hurudi vijijini kwetu. Mbuzi wa huyu amekula mihogo ya yule, mzee wa mtaa ameitwa, na majirani waliofuturu sinia moja Ramadhani iliyopita wanapishana njiani bila salamu. Wanaopatanisha husema maneno mazuri, lakini wiki mbili baadaye mbuzi ni wale wale na shamba ni lile lile. Mimi nilisomea ujenzi, na kwa macho ya fundi naona kwamba hapa panakosekana ua.

Jambo hili ni la zamani. Surat Al-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, inataja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman, amani iwe juu yao, kuhusu shamba lililoingiliwa usiku na mifugo ya watu. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, wanasema kwamba mchana mwenye shamba alinde shamba lake, na usiku mwenye mnyama amfungie mnyama wake. Akimwachia akaharibu, dhamana ni yake. Kwa hiyo mfugaji anayelaza mbuzi wake bila zizi anajiwekea deni.

Lakini wengi huuliza: nitajengaje zizi katika ardhi isiyo yangu? Swali hili ni zito huku kwetu. Tangu ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotaka watu wa ukanda wa pwani wasajili madai yao, wengi waliokuwa wakilima walibaki bila karatasi, na vizazi vyao vikaendelea kulima kwa ruhusa ya mtu. Kila mwenyeji anajua masharti ya ruhusa hiyo: lima mahindi, lima kunde, lakini usipande mnazi wala mwembe. Mti wa kudumu ni kama dai. Nguzo iliyochimbiwa na kumwagiwa saruji nayo husomwa vivyo hivyo, na mwenye shamba akiiona, mazungumzo hubadilika.

Ua wa vipande vinavyobebeka haudai kitu. Leo uko hapa, kesho uko pale, na siku ukiambiwa uondoke unaondoka nao. Faida ya pili iko kwenye samadi. Mbuzi wakilala kila usiku mahali pamoja, samadi hurundikana hapo na shamba linabaki na njaa. Zizi likihama, mbuzi wenyewe wanaisambaza na hakuna wa kubeba karai. Wafugaji wa kondoo wa kusini mwa Uingereza walifanya hivi kwa karne nyingi: waliwalaza kondoo katika mashamba ya nafaka ndani ya vipande vya ua vya kusuka, wakavihamisha kidogo kidogo mpaka shamba zima likapata mbolea.

Sasa tuje kwenye utengenezaji. Watu wengi wakisikia ua wa mbao hufikiria mbao nene. Ua wa kuhamishwa ukiwa mzito hautahamishwa. Utakaa mahali pamoja mpaka uoze. Kipimo changu ni hiki: kipande kimoja kibebwe na watu wawili bila kupumzika njiani, hata kama mmoja ni kijana wa shule.

Kipande cha urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4 kinatosha kwa mbuzi wetu wa kawaida. Kitengeneze kwa fito za mvinje. Miti hii inapandwa kwa wingi Kilifi na Kwale, na fito nyembamba hupatikana wakati wa kupunguza miche iliyosongamana. Chukua vigogo 3 vya unene wa inchi 2 visimame, kimoja kila mwisho na kimoja katikati, kisha lalisha fito 8 za unene wa inchi 1. Kikikauka, kwa hesabu yangu, kitakuwa na uzito wa kama kilo 17. Ukitumia mbao 5 za saipresi za inchi 1 kwa 4 badala ya fito, kitafika kilo 20, na ukipasua mbao kama hizo kutoka kwa mvinje, ambao ni mzito karibu mara mbili ya saipresi, utakaribia kilo 40. Boriti za mikoko ziache: kukata mikoko kunahitaji kibali, na boriti ni nzito kupita haja yetu.

Nafasi kati ya fito zisilingane. Fito 4 za chini ziwe karibu, inchi 3 hadi 4, kwa sababu ya vitoto. Huko juu unaweza kufungua mpaka inchi 6 au 7.

Kisha kuna mambo mawili ambayo mafundi wa haraka huyaruka. La kwanza ni mshazari. Kipande chenye pembe nne, hata ukikipigilia vipi, kitalala upande siku utakapokibeba. Pembe tatu hailali, ndiyo maana kenchi ya paa ina mishazari. Weka ufito mmoja kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na uukaze kwenye kila kigogo. La pili ni upande wa kupigilia. Fito zilale upande wa ndani, waliko mbuzi, ili wakizisukuma zigandamane na kigogo. Ukizipiga nje, kila msukumo unang'oa msumari. Mshazari nao uweke nje, mbuzi wasiufanye ngazi.

Mvinje mkavu hupasuka ukipigwa msumari. Toboa kwanza kwa keekee, kisha tumia msumari wa inchi 2 na nusu. Kila kipande kina maungio 24 ya fito na vigogo, kwa hiyo vipande 8 vina 192. Hiyo ni kazi ya subira, ifanye kwa siku kadhaa.

Kuunganisha kipande na kipande, usitumie bawaba. Tumia pete za kamba ya makumbi, moja juu na moja chini, kila mwisho wa kipande. Wazee wetu wa Lamu walishona mbao za mitepe kwa kamba hii na vyombo vikasafiri baharini. Vipande viwili vikikutana, pete zao zinapandana, unapitisha kigingi cha futi 5 ndani ya pete zote 4 na kukipiga ardhini futi moja na nusu. Kigingi kimoja kinaunganisha na kushikilia. Vipande 8 vinataka vigingi 8. Vichonge kutoka mwarobaini, mti ambao mchwa hawaupendi. Kigingi ndicho pekee kinachoingia ardhini, basi kikiliwa unabadilisha hicho tu. Oili chafu ya gari usipake. Mbuzi wanalamba na udongo unaharibika. Ukitaka mlango, legeza pete za mwisho mmoja wa kipande chochote.

Kamba ina faida nyingine: inakubali pembe yoyote. Kwenye udongo wa kupigika, panga mraba, vipande 2 kila upande. Utapata futi mraba 256, kama mita mraba 24, na kwa mita 2 kwa kila mbuzi hapo wanalala 12. Vipande hivyo hivyo ukivipanga 3 kwa 1, robo ya nafasi inapotea. Kwenye mwamba wa matumbawe, ambako kigingi hakizami, panga pembe nane. Kila ungio linakuwa na kona, ua unasimama wenyewe ukisaidiwa na mawe tu, na nafasi inafika futi mraba 309.

Usiufunike kwa makuti ubavuni. Kusi likivuma, ua uliozibwa huwa tanga, na tanga kazi yake ni kuondoka.

Kuhamisha nako kuna hesabu. Mbuzi wakiwa malishoni mchana, acha upande mmoja wa mraba ulipo na uhamishe vipande 6 vilivyobaki kuelekea upande wake wa pili. Robo eka ina nafasi kama 43 za ukubwa huo. Ukilaza mbuzi usiku 2 kila mahali, ni siku 86. Anza mwanzoni mwa Januari, utamaliza mwishoni mwa Machi, mvua ya masika ikikaribia.

Ua huu una mipaka yake. Hauzuii mwizi, haumzuii fisi mwenye njaa, na ng'ombe dume ataupiga teke. Uweke pale unapoweza kusikia mbuzi wakilia usiku. Na kabla ya kuuweka kwenye shamba la mtu, mwite mwenyewe aone jinsi kigingi kinavyong'oka kwa mkono. Mwambie pia samadi inabaki kwake. Nadhani wengi watakubali, na baadhi watauliza mbuzi watafika kwao lini.