Watoto Wadogo Pangoni: Tuwalinde Namna Gani?



Mlezi mmoja wa Utoto Mtakatifu ametuuliza swali ambalo tumeona tulijibu kwa wote. Watoto wake wanataka kwenda kuona Mapango ya Amboni wakati wa likizo. Wengi wao wana umri wa miaka mitano hadi tisa. Je, ni salama? Na ajiandae namna gani?

Jibu letu ni kwamba inawezekana, tena ni jambo jema. Mtoto anayeona kazi ya Mungu iliyojificha chini ya ardhi hataisahau maisha yake yote. Lakini pango si uwanja wa kuchezea. Lina giza, utelezi, mawe yanayoning'inia, na wakazi wake ambao tusipowaheshimu wanaweza kutuletea maradhi mabaya. Kwa hiyo katika toleo hili tuzungumzie jambo hili kwa utaratibu.

Pango ni nini?

Mapango ya Amboni yapo kilomita zipatazo 8 kaskazini ya mji wa Tanga, karibu na mto Mkulumuzi. Ni mapango ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua yanapopita hewani na kwenye udongo huchukua hewa ya ukaa, nayo huyafanya yawe na ukali kidogo. Maji hayo yakipenya katika nyufa za mawe ya chokaa huyayeyusha polepole. Baada ya miaka mingi sana ufa huwa njia, na njia huwa chumba. Halafu maji yanayodondoka kutoka darini huacha chokaa tone kwa tone, hata zikaota nguzo, nyingine zikining'inia na nyingine zikisimama.

Tunaeleza haya kwa sababu yanatufundisha mambo mawili. La kwanza, pango limetengenezwa na maji, na maji yanaweza kurudi. La pili, sakafu yake haikusawazishwa na fundi. Ina mashimo, ina matope, na dari hupanda na kushuka ghafla.

Nani aende, na nani abaki?

Mtoto anayeweza kutembea mwenyewe saa nzima bila kubebwa, na anayesikia akiambiwa "simama", anaweza kwenda katika pango lililoandaliwa kwa wageni. Ushauri wetu ni kwamba walio chini ya miaka mitano wabaki nje na mama mmoja wakicheza chini ya mti. Watoto wa umri huo hutia mikono kinywani kila mara, na hatuwezi kuwazuia.

Tusiingie na mtoto mchanga mgongoni. Mama akiinama kupita mahali pafupi, yeye anaona jiwe lililo mbele yake, lakini halioni lile linalogonga kichwa cha mtoto nyuma yake. Tena akiteleza, wanaanguka wawili.

Mtoto mwenye pumu, kifafa au seli mundu asiende kabla mzazi hajazungumza na mganga wake. Anayekohoa au mwenye homa asubuhi ya safari abaki nyumbani. Pia mtu yeyote ambaye kinga ya mwili wake imepungua, awe mtoto au mlezi, asiingie penye popo. Sababu tutaieleza hapa chini.

Mwanga na hesabu

Tuliwahi kuongozana na kundi moja la watoto waliokwenda pangoni na kurunzi mbili tu. Moja ilizimika katikati ya safari. Tulipotoka nje na kuhesabu, alikosekana mtoto mmoja. Alikuwa amesimama kufunga kamba ya kiatu, wenzake wakapita, na mwanga ukaenda nao. Tulimkuta ameketi palepale gizani, analia kimya. Hakuumia, lakini kwa muda mrefu baadaye hakukubali kulala taa ikiwa imezimwa. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa.

Tangu siku hiyo tunafuata taratibu hizi:

1. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu, asizidishiwe. Anawajua kwa majina na anawashika mkono penye utelezi.

2. Kila mtu mzima awe na kurunzi mbili na betri za akiba. Simu ya mkononi isihesabiwe kuwa kurunzi, kwa maana moto wake huisha upesi nasi tunauhitaji kuita msaada tukitoka. Mtoto naye awe na kurunzi yake ndogo. Mtoto mwenye mwanga mkononi haogopi sana.

3. Kiongozi wa pango atangulie, na mlezi mmoja awe wa mwisho kabisa. Hakuna anayepita mbele ya wa kwanza wala anayebaki nyuma ya wa mwisho.

4. Tuhesabu mlangoni, tuhesabu katika kila chumba, tuhesabu tukitoka.

5. Kila mtoto avae filimbi shingoni, na afundishwe hivi tangu nyumbani: "Ukijikuta peke yako, usitembee. Keti. Piga filimbi mara tatu, nyamaza, kisha piga tena. Sisi ndio tutakaokuja kwako."

6. Aliyebaki nje ajue tumeingia wangapi na tutatoka saa ngapi.

Tusiwashe mishumaa wala mienge. Moto hula hewa, moshi hukaa ndani, na nguo za mtoto hushika moto upesi.

Mavazi, chakula na haja

Viatu vya raba vyenye meno ndivyo bora, si ndala. Suruali ndefu na shati la mikono mirefu hulinda ngozi isichubuke. Kofia ngumu ndiyo inayofaa kichwani. Ikiwa haipatikani ya saizi ya mtoto, tukae katika vyumba virefu tu na tusiwapitishe penye dari fupi.

Huku pwani pango huwa na joto na unyevu, kwa hiyo mtoto hutoka jasho. Anywe maji ya kutosha kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Katika nchi za milimani pango huwa baridi, na mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo sweta ni lazima. Akianza kutetemeka atolewe mara moja.

Watoto wale vizuri saa moja kabla, na wote waende haja kabla ya kuingia. Ndani ya pango hakuna kula wala kunyonya peremende. Na safari isizidi nusu saa kwa watoto wadogo. Bora watoke wakitamani kurudi.

Mvua

Tarehe 23 Juni 2018, vijana 12 wa timu ya mpira nchini Thailand, wenye umri wa miaka 11 hadi 16, waliingia na kocha wao katika pango la Tham Luang. Mvua ikanyesha, maji yakaziba njia. Walipatikana Julai 2 wakiwa hai, na wakatolewa wote kati ya Julai 8 na 10. Lakini mzamiaji mmoja aliyejitolea kuwaokoa alifariki katika kazi hiyo. Vijana wale hawakuwa watundu. Ni maji tu yaliyowahi.

Kwa hiyo tusipange safari ya pango wakati wa masika, wala siku yoyote ambayo mawingu yametanda, hata kama mvua inanyesha mbali. Kiongozi wa pango akisema leo hapana, tusibishane naye kwa sababu ya nauli tuliyokwisha lipa.

Popo na maradhi

Popo ni viumbe vya Mungu vyenye faida. Wengine hula wadudu, wengine hueneza mbegu na chavua za miti. Tusiwapige mawe wala kuwafukuza. Lakini tukae nao mbali, na sababu ni tatu.

Kwanza ni vumbi la kinyesi chao. Ndani yake huota kuvu ambao mbegu zake, zikivutwa na pumzi, huingia mapafuni. Wengi hawasikii kitu, ila wengine hupata homa, kikohozi na maumivu ya kifua, mara nyingi kati ya siku 3 na 17 baadaye. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu unaweza kusambaa mwilini na kuua, na dalili zake huweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu. Kwa hiyo watoto wasikimbie wala kuburuta miguu penye kinyesi kikavu.

Pili ni kichaa, kile kile tunachokiita kichaa cha mbwa. Popo anaweza kuwa na virusi vya jamii hiyo. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa, hata kama alama ni ndogo, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Tusingoje dalili. Zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa.

Tatu ni ugonjwa wa Marburg. Virusi vyake hukaa katika aina fulani ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, watu wawili waliofariki kwa ugonjwa huu nchini Kenya walikuwa wamezuru pango la Kitum katika Mlima Elgon. Yule wa mwaka 1987 alikuwa mvulana wa miaka 15. Mwaka 2008 watalii wawili waliugua baada ya kuingia katika pango la popo magharibi mwa Uganda, na mmoja wao alifariki. Nchini Tanzania ugonjwa huu ulitokea mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Wanaozuru mapango na kurudi salama ni wengi mno. Tunasema ili tujue pa kuweka mpaka. Kabla ya safari mlezi aulize: popo wako wapi, na ni wengi kiasi gani? Penye kundi kubwa la popo darini watoto wasiingie kabisa. Watazame mlangoni wakiwa mbali. Kwingineko wasiguse kuta bila sababu, wasiokote mzoga, wasile tunda lililong'atwa, na wasifumbue kinywa kutazama juu.

Woga wa giza

Siku chache kabla, tuwaketishe watoto chumbani, tuzime taa, tuimbe wimbo mmoja, kisha tuiwashe. Tusiwatishe kwa hadithi za mizimu wala majambazi waliojificha mapangoni. Ndani ya pango, kama wote wametulia na wameshikana mikono, tunaweza kuzima kurunzi, tukasali Salamu Maria moja, tukaziwasha tena. Mtoto akisema anaogopa, asichekwe. Mlezi mmoja amtoe nje, hata kama ni dakika ya kwanza.

Baada ya kutoka

Wote wanawe mikono na nyuso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Nyumbani waoge, nguo zifuliwe, na viatu vioshwe.

Kisha tuwaangalie kwa majuma matatu. Mtoto akipata homa, apelekwe zahanati na apimwe malaria kama kawaida. Lakini mzazi asisahau kumwambia mganga: "Mtoto huyu aliingia pangoni tarehe fulani." Mganga hawezi kukisia jambo asiloambiwa. Kwa sababu hiyo mlezi awape wazazi wote tarehe ya safari kwa maandishi, nao waitunze pamoja na kadi ya kliniki.

Wapenzi wasomaji, nabii Eliya alikaa pangoni mlimani Horebu, na kule ndiko alikosikia sauti ndogo ya Mungu. Mtakatifu Bernadeta alikuwa na miaka 14 mwaka 1858, alipomwona Mama Maria kwenye pango la Lurdi. Nasi tuwapeleke watoto wetu wakaone na kusikiliza, kisha tuwarudishe wote kwa mama zao, hesabu ikiwa kamili.

Mungu awabariki. Tukutane toleo lijalo.