Tumbawe, Jiwe Lenye Uhai

Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, watu wa pwani huenda miambani kutafuta pweza, na huko hukanyaga mabonge makubwa ya mviringo, yenye rangi ya kahawia au manjano. Wengi hudhani ni mawe. Ndani ni jiwe, yakini. Bali ngozi ya juu ni mnyama aliye hai. Wataalamu humwita Porites lutea.

Mnyama huyu ni mdogo mno. Kikombe akaamo hakizidi upana wa milimita moja na nusu, na bonge moja lina maelfu kwa maelfu ya vikombe hivyo, wenyewe wote wameungana nyama kwa nyama. Kila mmoja ana kinywa kilichozungukwa na minyiri midogo yenye sumu ya kunasia vijidudu vya baharini. Tena ndani ya nyama yake mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hupokea nuru ya jua ikatengeneza sukari, na sehemu kubwa humpa mwenyeji wake kuwa chakula. Ndiyo sababu tumbawe halisitawi gizani wala penye maji ya matope.

Katika maji ya bahari mnyama huyu hupata chokaa, akajijengea sakafu. Kisha hujiinua, akajenga nyingine juu yake. Kwa kazi hiyo bonge hukua kadiri ya sentimita moja tu kwa mwaka. Basi, msomaji, hesabu mwenyewe: bonge la kimo cha meta mbili ni kazi ya miaka mia mbili hivi. Kila mwaka huacha alama ndani, mfano wa pete katika gogo la mti. Tumbawe lililotobolewa Malindi limetoa habari za joto la bahari tangu mwaka 1801 hata 1994.

Maji yakipata joto kupita kiasi, mnyama hutoa mimea yake, akabaki mweupe. Na joto lisipopungua upesi, hufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalikufa hivyo.

Joto hilo mvuvi hawezi kulizuia peke yake. Lakini nanga, mtaimbo na baruti vimo mikononi mwetu. Miamba hii hupunguza nguvu ya mawimbi yasile ufuko, na katika mapango yake samaki hujificha. Avunjaye bonge kubwa leo kwa ajili ya kitoweo cha siku moja, hata kitukuu chake hatalikuta limerudi.