Mbasa watatu wakubwa, mistari minne

Tuseme uko mwaloni Matema asubuhi, mitumbwi imeingia, na daftari umelishika wewe: jina la mvuvi, mwalo, uzito wa mbasa kwa kilo. Wavuvi watatu walioleta samaki wazito zaidi watapewa nyavu. Jioni unaingiza yote kwenye hifadhidata, jedwali liitwalo samaki, na kuuliza:

SELECT mvuvi, uzito FROM samaki
ORDER BY uzito DESC LIMIT 3;

(Tuchukulie kila mvuvi kaleta mbasa mmoja. Wangeleta wengi, ungeanza na MAX na GROUP BY mvuvi, la sivyo mtu mmoja anajaza orodha nzima.)

ORDER BY inapanga, DESC inaanza na mkubwa, LIMIT inakata. Majibu: 2.9, 2.6, 2.4. Safi. Ila daftarini kuna mbasa wawili wa kilo 2.4, na mvuvi mmoja kati ya hao wawili hayupo kwenye orodha! Hukuomba nafasi tatu, uliomba mistari mitatu. Uzito ukilingana, hifadhidata inabeba mstari wowote, na kesho swali lilelile laweza kuleta jina jingine. Onyo halitoi. Mzee wa watu anakosa wavu, na akija kuuliza, "kompyuta ndiyo imesema" si jibu la kumpa mtu aliyekesha ziwani.

PostgreSQL, tangu toleo la 13 la mwaka 2020, ina dawa:

SELECT mvuvi, uzito FROM samaki
WHERE uzito IS NOT NULL
ORDER BY uzito DESC
FETCH FIRST 3 ROWS WITH TIES;

WITH TIES maana yake: leta watatu, pamoja na yeyote anayelingana na wa mwisho. Wanakuja wanne. Wavu wa nne utatoka wapi, hilo ni la kikao, lakini angalau kikao kinajua.

Na ule mstari wa WHERE? Kuna samaki aliyeuzwa kabla ya kupimwa, uzito wake ukabaki wazi, yaani NULL. PostgreSQL huihesabu NULL kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo kwenye DESC samaki asiyepimwa ndiye bingwa. MySQL hufanya kinyume, inamweka mkiani. Ndiyo maana swali lililofanya kazi kwenye laptopu yako linaweza kuharibika kwenye seva ya mwenzako.

Zawadi ikiwa ya kila mwalo, Matema kivyake, Lyulilo kivyake, FETCH haitoshi, maana inakata jedwali zima mara moja. Hapo unatoa nafasi kwanza, kisha unachuja:

SELECT * FROM (
  SELECT mvuvi, mwalo, uzito,
    RANK() OVER (PARTITION BY mwalo ORDER BY uzito DESC) AS nafasi
  FROM samaki WHERE uzito IS NOT NULL
) AS t WHERE nafasi <= 3;

RANK inahesabu 1, 2, 3, 3, 5, kama matokeo ya darasani. Hii inakubalika hata MySQL kuanzia 8.0, ambayo WITH TIES haina. Usiweke ROW_NUMBER badala yake: itampa mmoja 3 na mwenzake 4, na mzee wetu anakosa tena.