Mbwa Mdogo wa Kuishi na Watoto: Tazama Pua Kabla ya Manyoya

Wazazi wengi wanaotaka mbwa mdogo kwa ajili ya watoto huanza na picha. Wameona kwenye simu kimbwa cheupe chenye manyoya laini, watoto wamekwisha kumpa jina, na swali lililobaki ni bei na muuzaji yuko wapi. Nikiwa daktari wa mifugo ninayewahudumia wanyama wa mjini, ningependa waanzie kwingine: joto la Kisumu, ukubwa wa ua, na umri wa mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Ukishayajua hayo matatu, aina nyingi zinazosifiwa zitajiondoa zenyewe.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kando ya ziwa, na mchana joto hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Januari hadi Machi ndiyo miezi mikali zaidi, na kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari pale mtaani Migosi, ndani huwa moto kuliko nje. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, ulimi ukiwa nje, hewa ikipita puani na kooni.

Sasa mtazame Pug, Pekingese au Shih Tzu. Nyuso zao zimefupishwa kwa vizazi vingi vya kuchaguliwa ili wapendeze macho ya watu. Fupa la uso limepungua, lakini nyama ya ndani haikupungua kwa kiasi hicho: matundu ya pua yamebana, na kaakaa laini limerefuka hadi kuziba njia ya hewa. Mkaribie Pug aliyelala umsikilize. Anakoroma kila akivuta pumzi, na wageni hucheka wakidhani ni kituko chake. Yule mnyama anaitafuta hewa. Watoto wakimkimbiza uani saa nane mchana mwezi wa Februari, anaweza kuanguka kabla hujajua kuna tatizo. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika, na kumwokoa huwa kazi ngumu. Simshauri mtu yeyote wa Kisumu mwenye watoto wachangamfu kununua mbwa wa pua bapa, hata akipewa kwa nusu bei.

Manyoya nayo yana habari yake. Maltese ni mpole, hukaa vizuri ndani ya fleti, na uzito wake haufiki hata kilo 5. Lakini nywele zake hazikomi kukua. Mvua za Aprili zikishika na njia zikageuka tope jeusi, nywele hizo hubeba tope, hukauka, kisha hujifunga. Nimefungua fundo la namna hiyo kwapani mwa mbwa mdogo: juu lilionekana kama uchafu tu, lakini chini yake ngozi ilikuwa nyekundu na yenye majimaji, na kupe wanne walikuwa wamejishikiza kando. Mbwa huyo alikuwa ameanza kuwaumauma watoto wa nyumba, wakasema amekuwa mkali. Hakuwa mkali. Kila walipomnyanyua, fundo lilikuwa likimvuta ngozi yenye kidonda.

Kupe wenyewe si wa kuchukulia kirahisi. Huku kwetu huambukiza erlikia na babesia, magonjwa yanayoharibu damu. Mbwa hulala, hukataa chakula, ufizi hubadilika kutoka rangi ya waridi hadi weupe. Kwenye manyoya mafupi utamwona kupe kwa macho. Kwenye manyoya marefu itabidi upapase kwa vidole kila jioni, katikati ya kucha na ndani ya masikio, na familia chache hufanya hivyo kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Anayeulizwa sana siku hizi nchini ni Japanese Spitz, na naelewa sababu. Ni mchangamfu, huwapenda watoto, hubweka mgeni akifika getini, na pua yake ni ndefu ya kutosha kuhema vizuri. Shida ni koti lake zito lenye tabaka mbili. Ukiwa na sakafu ya saruji yenye ubaridi, kivuli, maji wakati wote na mtu wa kumchana mara kadhaa kwa wiki, ataishi vyema Migosi. Ila usimnyoe ukidhani unamsaidia. Tabaka lile humkinga na jua pia, na likinyolewa huenda lisirudi kama lilivyokuwa.

Kuhusu udogo wenyewe, wazazi wengi hudhani kadiri mbwa anavyokuwa mdogo ndivyo anavyokuwa salama. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita ni kinyume. Chihuahua hazidi kilo 3. Mtoto wa miaka mitatu akimwangukia au akimdondosha kutoka kwenye kochi, mguu umevunjika. Mbwa anayeumizwa mara kwa mara huishi kwa hofu, na mwenye hofu huuma. Watoto wadogo hung'atwa zaidi usoni na kichwani, kwa sababu huinamisha uso hadi usawa wa mdomo wa mbwa. Kwa nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea, mimi huanzia kilo 7 hadi 12.

Dachshund yumo kwenye uzito huo na manyoya yake mafupi yanafaa, ila mgongo wake mrefu huumia pingilini. Ukiishi ghorofa ya tatu, kwenye ngazi za kupanda na kushuka kila siku, mwache. Ukimchukua, wafundishe watoto kumbeba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya mapaja, miguu ya nyuma isining'inie kamwe. Jack Russell naye alitokana na mbwa wa kuwinda mbweha wa Kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, katika karne ya 19, na uwindaji haujamtoka. Ni rafiki mzuri wa mtoto wa miaka kumi mwenye ua na mpira. Lakini atachimba chini ya ua, na kuku wa jirani utawalipa wewe.

Mbwa ninayempendekeza mara nyingi zaidi kuliko wote hana jina la kigeni. Ni mbwa wa kienyeji mwenye umbo dogo, au chotara wake na Jack Russell au Dachshund: manyoya mafupi, pua ndefu, mwili mkavu. Watu wa nje wamewahi kuiona thamani hiyo kabla yetu. Basenji, mbwa wa kuwindia wa misitu ya Kongo, alipelekwa Uingereza na kuanza kuzalishwa huko miaka ya 1930, na leo huuzwa ghali Ulaya na Marekani. Huyu wetu wa mitaani ni wa ukoo huohuo wa mbwa wa asili wa Afrika. Hula ugali na omena vizuri, mradi omena ioshwe mchanga, ichemshwe bila chumvi, na apate mboga kidogo na nyama mara mojamoja. Miiba ya ngege na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe.

Jambo moja kwa huyu: usikadirie ukubwa wake wa baadaye kwa kumtazama akiwa bado mtoto wa mbwa. Mwone mama yake, na baba akipatikana. Mama akiwa mdogo na mpole mbele ya watoto wa jirani, una dalili nzuri. Asichukuliwe kabla ya wiki 8, maana kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kuuma kwa kiasi wakati wa kucheza. Kati ya ndugu hao, mwache anayejificha nyuma, mwache pia anayewapanda wenzake wote. Mchukue yule anayekuja kukunusa, anashtuka ukipiga kofi, kisha anarudi.

Kichaa cha mbwa hakijali ukubwa wala ukoo. Mgonjwa wa kwanza wa kibinadamu kuripotiwa Kenya, mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa eneo hili la Ziwa. Duniani ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza katika mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030, na mpango huo unategemea kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Mbwa wako wa ndani asiyetoka nje ni mmoja wao. Achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtoto akiumwa au akiparuzwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa shangazi yake.

Chanjo za parvo na distempa huanza mapema zaidi, wiki 6 hadi 8, na hurudiwa hadi wiki 16. Kadi ya kweli ina kibandiko kilichobanduliwa kwenye chupa ya dawa, tarehe, sahihi na namba ya usajili ya daktari. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu tu kwamba "amechanjwa zote" si kitu, na watoto wengi wa mbwa wanaoletwa kwa basi la usiku kutoka Nairobi hufika na karatasi kama hiyo, kisha hufa kwa parvo ndani ya wiki moja huku watoto wa nyumba wakitazama.

Kwa hiyo, kabla hujatuma hela kwa M-Pesa, omba mambo mawili: kumwona mama wa huyo mtoto wa mbwa, na kuiona kadi yake ya chanjo. Muuzaji akikunyima hata moja, usinunue.