Kuhama, ao kubaki na kuuliza?

Katika likelemba zetu neno moja linarudi: kuhama. Kijana wa huyu amefika Zambia, wa yule anatafuta njia ya Afrika ya Kusini. Hatuwalaumu. Umeme unakatika, mavumbi yanaingia hadi ndani ya chungu, na kila siku tunaona makamyo yanapeleka shaba na kobalti Kasumbalesa. Hata sisi walimu, mshahara ukichelewa, tunaota safari.

Lakini tuangalie sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018. Kodi ambayo kampuni zinalipa juu ya madini zinayouza inagawanywa hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo, 15% kwa komini, sekta ao usultani wenye mgodi. Tena, angalau 0,3% ya mauzo ni ya maendeleo ya wenyeji. Hiyo si sadaka.

Tunajua, karatasi inaweza kulala. Katiba ya 2006 iliandika kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure. Ilianza kutekelezwa mwaka 2019. Miaka 13! Na leo watoto wanabanana darasani.

Aliye Ndola hawezi kuuliza pesa za Manika zilienda wapi. Sisi ofisi ya komini tunaifikia kwa mguu. Kikundi kiandike barua kwa bourgmestre, kiombe kuonyeshwa bajeti, na nakala igongwe muhuri (bila muhuri, barua "inapotea"). Kwa kuiandika Kifaransa, walimu tupo.