Unga wa Dukani Umetoka Wapi? Fahamu Mnyororo wa Ugavi

Ukinunua pakiti ya unga jioni, unamlipa mwenye duka na kuenda zako. Lakini kabla pakiti hiyo ifike kwa rafu, biashara kadhaa zimeshauziana. Hiyo ndiyo huitwa mnyororo wa ugavi. Kama una duka au kibanda, wewe pia ni pingili moja ya mnyororo huo.

Safari ya unga

Mkulima wa Trans Nzoia huvuna mahindi kuanzia Oktoba hivi. Broka hununua gunia la kilo 90 shambani na kulipeleka kiwandani. Kiwanda husaga, hupakia na kumuuzia msambazaji. Msambazaji humpelekea muuzaji wa jumla, naye humuuzia mwenye duka kwa bale, yaani pakiti 12 za kilo 2. Mahindi ya hapa yakipungua, mengine huingia kutoka Uganda na Tanzania kupitia mipaka kama Busia na Namanga.

Bidhaa hushuka, pesa hupanda

Unga unatoka shambani kuja kwako. Pesa nayo inatoka kwa mteja wako kurudi juu. Shida ni kwamba hivi viwili haviendi kwa mwendo mmoja, kwa sababu wengi huchukua mzigo kwanza na kulipa baadaye.

Tuseme umechukua bale 10 kwa sh. 1,500 kila moja, ulipe baada ya siku saba. Deni lako ni sh. 15,000. Ukiuza pakiti moja sh. 140, mauzo yote ni sh. 16,800. Faida ni sh. 1,800. Safi!

Lakini wateja wamekopa unga wa sh. 4,000 na wako kwa daftari, watalipa mwisho wa mwezi. Mkononi una sh. 12,800 tu. Faida unayo kwa hesabu, lakini umepungukiwa na sh. 2,200 za kumlipa muuzaji wa jumla. Asipolipwa, hakuletei mzigo mwingine. Rafu inabaki tupu, na hata yule mteja mwenye deni anaenda kununua kwa jirani. Muuzaji wa jumla naye anachelewa kumlipa msambazaji. Pingili moja ikilegea, wote wanasikia.

Ufanye nini?

- Tenga pesa ya mzigo kila jioni. Kila bale ikiisha, weka kando sh. 1,500 kabla hujatoa ya matumizi. Hiyo si pesa yako, ni ya muuzaji wa jumla.
- Kopesha kulingana na siku zako. Kama wewe umepewa siku saba, usimpe mteja siku thelathini.
- Lipa kwa till au paybill ya biashara, si kwa namba ya dereva aliyeleta mzigo. Kwa paybill, andika namba ya akaunti uliyopewa bila kukosea, ndipo malipo yako yaonekane upande wao.
- Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa si la unayemlipa, simama hapo hapo.
- Usifute ujumbe wa malipo. Kukiwa na ubishi, ndio ushahidi wako.

Jihadhari na "tumebadilisha namba"

Walaghai wanajua kwamba maduka hulipa mizigo kila wiki. Wanaweza kukutumia ujumbe wakijifanya muuzaji wako: "Till yetu imebadilika, tuma kwa hii." Usitume. Mpigie muuzaji kwa ile namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye ujumbe, na umuulize mwenyewe. Simu ya dakika moja inaweza kuokoa mzigo wa wiki nzima.

Anayelipa kwa wakati hujulikana. Siku bidhaa zikiadimika, muuzaji wa jumla humkumbuka yeye kwanza.